Tandiko la Mjomba Mnadani

Mwaka ule Warundi walipofurika Kagunga hadi mchanga wa ufukweni ukawa hauonekani, kila aliyeteremshwa na meli bandarini Kigoma alikuwa na kitu kichwani. Huyu godoro, yule sufuria, mwingine cherehani iliyofungwa kwa kanga. Mjomba wangu aliteremka na tandiko la farasi.

Nilikwenda kumpokea kwa sababu mama alinilazimisha. Mama ana ndugu Buyenzi, kule Bujumbura, kama nusu ya Ujiji ilivyo na ndugu Buyenzi, na huyu alikuwa mtoto wa baba yake mkubwa. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, nikiwa mdogo. Nilijua atakuja na njaa na maneno mengi, kama wageni wote. Alikuja na kimya, na koti la suti lililopauka, na lile dubwana la ngozi kichwani, vyuma vyake viwili vya kukanyagia vikining'inia huku na huku na kumgonga masikio.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nipokee hili. Lakini usilishike pembeni, shika hapa chini."

Hakuuliza hali ya mama. Hakuomba maji. Alianza kwa kunifundisha kushika ngozi, mimi niliyeuza viatu vya mitumba sokoni Ujiji miaka kumi na minne! Pale pale nikamtia kwenye kundi la watu nisioweza kuwavumilia.

Kundi hilo ni kubwa, sifichi. Wengine huzaliwa na chongo, mimi nilizaliwa na dharau, na mama alijaribu kuitoa kwa fimbo akachoka yeye. Nikimwona mtu anatembea polepole, namdharau. Akitembea haraka, nasema anakimbilia wapi na hana kitu. Msinihukumu kwanza. Mtapata nafasi.

Mtaani kwetu walicheka wiki nzima. Watoto walikuja kuchungulia mlangoni. Jirani yetu wa ukuta mmoja, mzee wa kujidai, akaja kutuelezea kwamba babu yake aliingia Ujiji juu ya farasi mweupe, enzi za misafara. Uongo mtupu. Farasi hakai pande hizi, mbung'o humwangusha kabla hajamaliza kula majani ya kwanza. Babu yake aliingia kwa miguu na pembe ya tembo begani, na hakuna aibu katika kubeba. Aibu ni kumpandisha juu ya farasi marehemu ambaye hawezi kukataa. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kwa upole huyo farasi alikuwa na umri gani na alikula nini. Jirani akakumbuka ana chungu jikoni.

Historia ya tandiko ilikuwa fupi. Mjomba alikuwa mtunza farasi kwenye klabu moja ya wazungu kule Bujumbura, zaidi ya miaka thelathini, tangu kijana. Mji ulipoharibika, bibi mwenye farasi alipanda ndege, akamwachia tandiko na hatamu, akasema ni vyako. Basi. Mtu anakimbia risasi, anaacha kitanda, anabeba kiti cha mnyama ambaye hayupo.

"Si ungeliuza kule kule?" nikamuuliza.

"Mimi sijui kusoma," akasema. "Sina cheti cha kazi wala barua. Watu wa farasi wanajuana, mwanangu, na hawasomi karatasi. Wanashika ngozi. Wakilishika hili watajua ni mtu gani amelitunza. Hiki ndicho cheti changu."

Hapo ndipo nilipoelewa anachokitaka, na kilikuwa kimoja tu. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa amekwisha kutuambia mara mbili kwamba kila mkimbizi aende kambini, ndugu au si ndugu. Mjomba hakutaka kufia kwenye hema. Alitaka arudi zizini, popote penye farasi, afe akinuka majani makavu. Na kati yake na hema hakikuwepo kitu kingine zaidi ya lile tandiko.

Mimi nikaona ni wazimu. Lakini mama akasema, "Mjomba wako hajawahi kuniomba kitu. Msaidie kuwaonesha hao watu," na mama akisema neno kwa sauti ile ya chini, mtu hubishana na ukuta.

Kila Ijumaa, akirudi msikitini, Mjomba alikaa ukumbini na kulihudumia. Alikuwa na donge la nta ya nyuki, dogo kama kokwa la embe, na kitambaa cha pamba kilichofuliwa mpaka kikawa laini. Alipasha nta kwa kiganja, akagusa ngozi hapa, akafuta, akagusa pale, akafuta. Saa nzima! Na alipomaliza tandiko lilikuwa vile vile, kahawia ya kufifia, halina mng'ao hata wa kukuonesha pua yako. Nilipita na ndoo yangu nikacheka puani.

"Mjomba, hiyo nta unaibembeleza au unaipaka?"

"Ngozi hainyweshwi, mwanangu. Inaonjeshwa."

"Nitakupakia mimi, dakika mbili tu linawaka kama sinia."

Akaacha kufuta. Akanitazama, mara ya kwanza akiwa mkali. "Hili usiliguse. Likihitaji kitu, niite mimi."

Haya, niseme kazi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa. Kiatu cha mtumba kinatoka kwenye robota kimekauka kama samaki wa mwaka jana. Ukikiweka mezani hivyo, mteja anapita. Mimi nilikuwa na dawa yangu: mawese ya moto kidogo, na kwa cheusi nachanganya masizi ya sufuria. Unapaka, unaacha kiatu kinywe, unafuta. Kinang'aa hadi unataka kusalimiana nacho. Kwetu Kigoma hakuna kazi ambayo mawese hayaiwezi. Tunapikia, tunapaka watoto, tunapaka bawaba za mlango, mwenye kuungua anapakwa. Sasa kiatu ni nini? Kweli, baada ya wiki mbili ngozi inalegea, nyuzi zinaachia, na vumbi la Kasulu lote linahamia hapo. Lakini kiatu kikishafika Kasulu si changu tena. Hakuna aliyewahi kupanda gari kuja kunirudishia kiatu.

Nililipeleka tandiko sokoni kwa siku tatu, kwa kujaribu. Mjomba alikaa pembeni kwenye kigoda, amelishika kama mtoto wa chanjo. Mmoja aliuliza kama ni kiti cha kinyozi. Kijana wa bodaboda akaling'ang'ania, alitaka alikate alifunge kwenye pikipiki yake, abiria wakae kama mabwana. Akapandisha bei mara tatu. Mjomba akawa anatikisa kichwa tu.

"Mzee, wewe unauza au unaonesha?" yule kijana akafoka.

"Naonesha," akasema Mjomba.

Nikataka ardhi ipasuke. Sokoni kwangu, mbele ya wenzangu, mtu anakataa mteja! Nikabeba mzigo wetu tukarudi nyumbani, na njia nzima nilitembea hatua kumi mbele yake ili watu wasione tuko pamoja.

Aliyeleta habari ya mnada wa mtandaoni ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Huyu naye! Alikuwa kibarua wa kupakua magunia kwenye shirika moja la misaada, wakampa kitambulisho cha kuvaa shingoni, na tangu siku hiyo hakukivua hata akienda kuoga ziwani. Alikula kwangu, alilala kwangu, na alizungumza kama waziri. Debe tupu haliachi kuvuma. Siku hiyo akaja na simu yake ya kioo kilichopasuka, akasema kuna ukurasa ambapo watu wa farasi wa Arusha na Nairobi wananadiana vitu vyao vilivyotumika. Unaweka picha, unaweka bei ya kuanzia, kila mtu anapanda juu ya mwenzake, na siku ya saba, saa kumi alasiri, mnada unafungwa, wa mwisho ndiye mwenyewe.

"Mnada bila dalali? Bila kushika mali?" nikasema. "Hao ni wendawazimu au matajiri."

"Ni matajiri, shemeji."

"Basi ni vile vile."

Tukapiga picha uani, juu ya kinu kilichofunikwa kanga. Nilipendekeza niling'arishe kwanza. Mjomba akasema hapana, tulipige lilivyo. Picha zikatoka nyofu, za kusikitisha, na nyuma kuku wangu akaonekana. Na hatukumaliza saa moja, maswali yakaanza kuingia. Lo! Sijapata kuona watu wenye muda wa kupoteza namna ile. Kiti kina inchi ngapi? Mifupa ya ndani imevunjika? Mshono wa chini ni wa mkono au wa mashine? Pigeni picha ya tumbo lake. Pigeni picha ya mikunjo. Mmoja aliuliza manyoya yaliyoshindiliwa ndani yana uvimbe upande gani. Mimi nimeuza viatu kwa maelfu na sijawahi kuulizwa viatu vina uvimbe upande gani. Shemeji alisoma, akageuza kwa Kiswahili, mimi nikasonya, na Mjomba akajibu.

Alivyokuwa akijibu, hapo ndipo ajabu ilipokuwa. Huyu mzee asiyejua kusoma, ambaye nyumbani kwangu alizungumza kama anayelipia kila neno, alimwagika. Alipapasa tandiko kwa vidole, macho amefumba, akasema mshono wa kulia ulirudiwa mwaka fulani, yeye mwenyewe aliurudia kwa uzi wa nta. Akasema upande wa kushoto umelala kidogo kwa sababu yule bibi alikuwa na nyonga mbaya. Akasema jina la farasi, na farasi aliyemtangulia. Shemeji alichoka kuandika. Mimi nilisimama na mwiko mkononi nikisikiliza, na nikajikuta nimeunguza maharage. Nikamkasirikia kwa ajili ya maharage.

Siku ya nne akaingia mama mmoja wa Arusha, mwenye mazizi yake. Aliandika Kiswahili, tena kizuri kuliko cha shemeji. Hakuuliza inchi. Aliuliza: "Anayejibu haya ni nani?"

Shemeji akamweleza. Asubuhi akaandika maneno ambayo shemeji alituita wote ukumbini kutusomea: "Nalinunua mimi, yeyote akipanda nitapanda juu yake. Na kama ngozi iko kama mzee anavyosema, nikilishika nikaridhika, aje na yeye. Ninahitaji mtu wa mazizi. Kibali chake nitakishughulikia mimi kwa wakubwa."

Mama akapiga kigelegele. Mjomba alikwenda uani akatawadha, akaswali rakaa mbili wakati si wa swala. Mimi nikasema, "Haya, sasa mtu atapata kitanda chake," maana Mjomba alikuwa akilalia kitanda cha mwanangu.

Mnada ukafungwa siku ya saba, na yule mama wa Arusha akafanya kama alivyoahidi. Alipandwa mara mbili, akapanda mara tatu, saa kumi ikalia akawa yeye, na pesa akazituma jioni ile ile. Ikabaki kulifunga na kulipeleka kwenye basi la Arusha, linaloondoka alfajiri, lakini mizigo wanapokea mwisho saa tisa mchana wa siku inayotangulia.

Mjomba akasema asubuhi ya kesho yake kwamba lazima apate blanketi kuukuu la pamba la kulifungia, kwa sababu ngozi safarini lazima ipumue. Nikamwambia nina nailoni nzuri, ya robota, haipitishi hata mvua. Akasema nailoni hapana kabisa. Akatoka kwenda kutafuta blanketi Kibirizi, kwa Warundi wenzake waliokuwa wakisubiri kupelekwa kambini, na akasema nimsubiri.

Nikamsubiri. Saa sita. Saa saba. Unajua mtu wa aina hii: anamsalimia kila mtu, na kila mtu ana msiba wake, na kila msiba lazima akae chini ausikilize. Saa saba na nusu nikamwona kwa macho ya moyo amekaa kwenye mkeka Kibirizi anatikisa kichwa, na basi langu linafunga mizigo. Si langu, lake, lakini ndivyo nilivyohisi. Nikasema, ajizi nyumba ya njaa. Nikachukua nailoni.

Ndipo nikalitazama. Limefifia, limekauka, limejaa mikwaruzo. Kitu kinatoka nyumbani kwangu, kwa mkono wangu, kinakwenda kwa tajiri Arusha, kiko hivi? Nikaona aibu. Sisemi nilitaka kuharibu. Nilitaka yule mama afungue apigwe na mng'ao, aseme kumbe Ujiji kuna watu. Na chini ya hapo, nikiwa mkweli, nilitaka kumwonesha Mjomba kwamba Ijumaa zake zote na kokwa lake la nta mimi nazimaliza kwa dakika mbili.

Nikapasha mawese. Nikapaka kwa mkono mzima. Lilinywa, jamani, lilinywa kama mgonjwa wa homa! Nikapaka tena. Mikanda nikaichovya ndani ya sufuria. Likageuka rangi, likawa jekundu la kuiva, likawaka. Nililizunguka mara mbili kwa furaha. Nikalifunga kwa nailoni tabaka tatu, nikalishonea ndani ya kiroba, nikaita bodaboda. Saa tisa kasoro robo lilikuwa limepokelewa, juu yake wakatupia magunia ya dagaa.

Mjomba alirudi saa kumi na blanketi kwapani, la kijivu, lililotoboka lakini safi. Alikuwa amelibadilisha kwa koti lake la suti.

"Limekwenda?" akauliza.

"Limekwenda, limefungwa kama bibi harusi. Ungekuja saa hii lingelala hapa."

Akatazama blanketi. "Hukuligusa?"

"Nimelifuta vumbi tu."

Akaitikia kwa kichwa. Akalikunja lile blanketi vizuri, akaliweka chini ya mto.

Zikapita siku tisa. Mwenyekiti wa mtaa akaja mara ya tatu, tukamwambia mzee anasubiri jibu la kazi, akasema atampa mpaka Jumatatu. Mjomba akanyoa ndevu. Akamwomba mama sindano akashona mfuko wa shati. Shemeji akawa anatazama simu kila saa na kusema mtandao uko chini, kana kwamba yeye ndiye aliyeujenga.

Siku ya kumi kikarudi kiroba. Kondakta alikitupa kizingitini, akafuta mikono kwenye ukuta wangu, na ukutani pakabaki alama ya rangi ya chungwa.

Shemeji akafungua simu, na ujumbe ulikuwepo. Aliusoma kwa sauti kabla hajaupitia kwa macho, mjinga yule, na alipofika katikati hakuweza kurudi nyuma: "Tandiko limefika limelowa mafuta na linanuka. Nilijaribu kulikausha. Mikanda imelegea ikavutika, na mshono wa kikanyagio umefumuka nikiwa juu ya farasi, nimeanguka. Pesa bakini nazo, tandiko narudisha. Aliyelitunza hivi hajapata kufanya kazi na farasi siku moja. Siwezi kumkabidhi wanyama wangu. Asije."

Mama alishika kidevu. Na mimi, Mungu anisamehe, ulimi wangu ndio uliokuwa wa kwanza.

"Ni wale watu wa basi," nikasema. "Magunia, madumu, kila uchafu wanaurundika pamoja. Dumu limevuja. Makondakta wa siku hizi ni mbwa."

Mjomba alipiga magoti akakata uzi wa kiroba, kile kile changu, kilichoshonwa upya huko Arusha. Akafunua nailoni, tabaka la kwanza, la pili, la tatu. Harufu ikatoka, ya mawese yaliyochacha. Dumu lililovuja lingelowesha kiroba kwanza, kisha nailoni, kisha ngozi. Mafuta yalikuwa yametokea ndani, yakachuruzika nje kwenye mishono tu. Hata mtoto angeona. Akabonyeza ngozi, kidole kikazama. Akapapasa ule mshono wa kulia aliourudia mwenyewe, na uzi ukaja wote mkononi mwake bila kuvutwa.

Akasugua vidole viwili. Akanusa. Kisha akainua macho, polepole, akatazama jikoni, ambapo dumu langu la mawese limekaa siku zote nyuma ya mlango, akalitazama, halafu akatazama chini. Mimi hakunitazama kabisa.

Nilingoja anitukane. Nilikuwa na majibu tayari, mimi sikosi majibu. Ungewahi kurudi. Ungevaa saa. Unakula bure kwangu miezi mitatu na unajifanya mwalimu. Yote yalikuwa mdomoni yamepangwa.

"Mwandikieni," akasema Mjomba, "kwamba mafuta niliyapaka mimi. Nimezeeka, nikasahau kazi. Aniwie radhi kwa kuanguka."

Shemeji akasema, "Lakini Mjomba, siku ile wewe ulikuwa Kibir..." Akakatika. Akanitazama. Yule mtu niliyemwita debe tupu kwa miaka sita alielewa kwa kunitazama mara moja. Alininyooshea simu yake.

"Andika wewe, shemeji," akasema. "Mimi mikono yangu michafu."

Mikono yake ilikuwa safi.

Hapo palikuwa na nafasi. Ilikuwa sentensi moja: ni mimi. Mama angenipiga, labda. Yule mama wa Arusha huenda angecheka, huenda angesema basi mzee aje tuone. Sijui. Najua tu kwamba ili niiseme ilinibidi niiseme mbele ya shemeji, na mbele ya jirani wa farasi mweupe ambaye alikuwa amekwisha kusimama mlangoni, na sikuweza. Mtu aliyewadharau wote hana pa kuangukia. Nikachukua simu nikaandika kwa vidole vyangu hivi: Mafuta niliyapaka mimi. Nimezeeka, nikasahau kazi.

Nikatuma.

"Kaka," mama akasema, "kwa nini?"

"Nimekula kwenye nyumba hii," akajibu. Akainuka, akaenda kunawa.

Jumatatu alipanda gari la kambini na blanketi lake la kijivu. Tandiko aliliacha. Alisema halina kazi tena, watoto walikalie.

Nilikaa miezi minne nikijiambia sina nafasi. Kisha nikaomba ruhusa ya kuingia kambini, nikapewa, nikaenda Nyarugusu na sukari na sabuni na kiatu kizuri cha ngozi ambacho sikukipaka kitu. Nilimkuta nje ya hema lake, safu ya mwisho, amekaa kwenye jiwe. Alikuwa amekonda. Mikono alikuwa ameiweka juu ya magoti, kama vitu vya mtu mwingine alivyoachiwa avitunze. Nilikuwa nimekuja kusema ile sentensi. Njia nzima ndani ya gari nilikuwa nimeisema.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Yule mama wa Arusha, alijibu?"

Alikuwa amejibu, kesho yake tu. Shemeji alinirushia ujumbe kwenye simu yangu bila neno lake hata moja, na nilikuwa nao tangu siku hiyo. Nikaufungua. Sikuwa na njia ya kuusoma vingine.

"Anasema, 'Asante, mzee, kwa kusema ukweli. Wachache wangeweza.'"

Uso wake wote ulifunguka. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo, hata siku ile ya kibali.

"Umeona?" akasema. "Watu wa farasi wana adabu. Hebu nisomee tena."

Nikamsomea tena.